Shangazi Abadilisha Jicho

Shangazi alikuwa amepiga picha za watu kwa miaka thelathini bila kulalamikiwa, mpaka binti wa kaka yake, aliyekuwa anajiandaa kuolewa, alipomtandazia mezani picha za siku aliyochumbiwa.

"Shangazi, usinikasirikie. Hebu tazama, hapa nina pua mbili."

Kweli zilikuwa mbili. Shangazi alikuwa na miwani, ila miwani na kamera haviivi chungu kimoja. Akiivaa inagongana na kamera. Akiivua anaona ukungu, na lenzi yake ya kuzungusha kwa mkono haina huruma kwa asiyeona.

"Nipe mpaka Jumamosi nikupige picha moja," alisema. "Ikitoka hivi, harusini mtafute mwingine."

Alijikaza tu kusema. Alikuwa amempiga mtoto huyu picha tangu akiwa na siku tatu. Kumwachia mgeni siku kama ile kungemuuma mpaka kufa.

Alikimbilia kwa fundi wa miwani. "Hilo tu?" fundi akacheka. "Kuna kijilenzi kinachobanwa kwenye kitundu cha kamera cha kuchungulia. Niachie, nitakikata kwa namba za jicho lako, miwani uiweke mfukoni."

Lakini haraka haraka haina baraka. Hakuna aliyemuuliza mwenzake: jicho lipi? Fundi alikata kwa namba za jicho la kulia, maana ndilo wengi huchungulia nalo. Shangazi, tangu aanze kazi, huchungulia kwa la kushoto. Na Jumamosi aliichukua kamera mbio mbio, hata hakuijaribu.

Binti alikuwa ameshakaa kwenye stuli, mgongo wima, mashavu yamekaza, kama alivyozoea mbele ya kamera tangu utotoni. Shangazi akachungulia. Ukungu mtupu, mzito kuliko wa mwanzo! Akazungusha lenzi huku na huku, akafuta kijilenzi kwa pindo la gauni. Wapi!

"Kuna nini, Shangazi?"

"Hakuna kitu. Tulia."

Jasho likamtoka. Kwa kuishiwa mbinu, akaweka jicho la kulia. Lo! Kope za binti zilihesabika moja moja.

Sasa, kitundu cha kamera ile kiko kwenye kona ya kushoto. Jicho la kushoto likiwa hapo, kamera humfunika mtu uso mzima. Likiwa la kulia, nusu ya uso hubaki nje. Shangazi hakulijua hilo, wala hakujua kwamba akiona kitu kizuri hutabasamu peke yake mpaka magego yaonekane. Miaka yote hiyo alikuwa akitabasamu mafichoni.

"Shangazi! Unanicheka?"

"Nakuona, mwanangu! Nakuona vizuri!"

Binti akaangua kicheko, na Shangazi akabonyeza.

Picha ilipotokea kwenye kompyuta, binti aliinama kuitazama.

"Mimi nilidhani ukinipiga picha huwa umenuna," alisema. "Ndiyo maana nilikuwa naogopa."

Shangazi akaiweka kamera mezani.

"Harusini utanipiga wewe," binti akamshika mkono. "Ila na mimi nikuone."