Mbuzi wa Kapteni Kornel

Mbuzi alitangulia, maneno yakafuata. Hadija alikuwa jikoni akipepeta mchele aliposikia mlio uani, akatoka na ungo wake mkononi, akamkuta mumewe Sadallah ameshika kamba, uso umemchanua kama bwana harusi.

"Mama Amira, tuna wageni," Sadallah alisema. "Ongeza mchele."

Wageni walikuwa wawili. Mmoja ni Mzee Leonard, mwalimu mstaafu wa Bonga, ambaye nusu ya watu wazima wa Babati waliwahi kuonja fimbo yake na nusu iliyobaki humwamkia kana kwamba nao waliionja. Wa pili ni Monika, dada yake Kapteni Kornel. Hadija alipomwona Monika alijua mara moja yule mbuzi ni wa nini. Watu wakikosana vibaya, wazee wa upande mmoja huja na mnyama wa kuombea radhi. Ukishapokea kamba, umesamehe. Kesi imekufa, na anayeifufua ndiye anayekuwa mkosaji mpya. Na Sadallah alikuwa ameipokea kamba bila hata kumuuliza mwenye kesi.

Mwenye kesi alikuwa chumbani. Ni Amira, binti yao wa kwanza, rubani msaidizi wa ndege za abiria. Mwanzoni mwa mwezi, yeye na Kapteni Kornel walikuwa wakishusha ndege ya pangaboi iliyojaa watu kwenye uwanja mmoja wa mikoani, katikati ya mawingu ya masika, mara ndege ikanyanyuka ghafla kurudi juu, injini zikinguruma. Abiria walipiga mayowe. Huyu anamwita Yesu, yule anatoa shahada, na mmoja wao, maana siku hizi hakosekani, alikuwa anarekodi kwa simu. Ndege ilizunguka, ikaenda kutua salama kwingine, hakuna aliyechubuka hata kidole. Lakini video ilikuwa imeshapaa, na yenyewe haikutua. "Kumbe tunaendeshwa na katoto ka kike!" ilisikika sauti ya aliyerekodi, na hayo ndiyo maneno watu waliyoyashika.

Basi Babati nzima ikawa na wataalamu wa urubani. Dukani kwa Hadija pale Bagara, anapouza vitenge na sare za shule, wateja walikuwa wakipima kitambaa huku wanatoa ushauri. "Pole sana, Mama Amira. Ila huyu mtoto angetafuta kazi ya ardhini." Watu ambao hawajawahi kupanda kitu kirefu kuliko lori la mahindi waliapa hawatakaa kwenye ndege yenye mwanamke mbele. Hadija aliwajibu kwa mkasi tu, akikata kitambaa kwa nguvu kuliko kilivyohitaji.

Na tusimpambe bure, yeye mwenyewe alikuwa mwoga kuliko hao wote. Tangu Amira aanze kazi, siku mtoto akiwa angani Hadija hakumeza tonge likashuka vizuri. Aliogopa injini. Aliogopa kunguru na tai wanaoingia kwenye injini. Aliogopa hata upepo wa Mlima Kwaraa, ingawa Amira hakuwahi kurushia ndege upande huo. Video ilipomfikia alilia, kisha, Mungu amsamehe, akafurahi kidogo moyoni. Alidhani sasa binti atarudi chini.

Binti hakurudi chini. Aliandika taarifa kazini, kama sheria ya kazi yao inavyotaka, kwamba kapteni alikuwa anaendelea kushuka pasipo kuuona uwanja, na kwamba yeye ndiye aliyeinyanyua ndege. Kapteni Kornel naye akaandika yake, kwamba uamuzi wa kupanda ulikuwa wake, na binti alidaka usukani kwa kiwewe. Sauti za marubani hunaswa na chombo maalumu, lakini chombo hicho hufuta za zamani kadiri ndege inavyoendelea kuruka, na siku ile iliruka tena. Likabaki neno la mzee na neno la binti. Keshokutwa wote wawili walitakiwa Dar es Salaam mbele ya wachunguzi, na yule atakayeonekana mwongo hatagusa ndege tena.

Ndiyo maana ya mbuzi.

Sebuleni chai ilimiminwa. Amira alitoka chumbani amejitanda mtandio, akapiga goti kidogo mbele ya wageni.

"Shikamoo, mwalimu. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Mzee Leonard alikohoa kama anayetaka kuita majina darasani. "Kornel ni mtu wa nyumbani. Kazi hiyo ni yeye aliyekushika mkono mpaka ukaipata. Naye amebakiza kidogo astaafu. Hatukuombi useme uongo mkubwa. Wewe sema mlikubaliana kupanda, basi. Yeye atalifuta lile neno la kiwewe, kila mtu arudi kazini kwake, mambo yaishie hapa nyumbani."

"Umesikia?" Sadallah alidakia. "Ni neno dogo tu."

Na kweli lilikuwa dogo. Hadija alilipima akaona linaingia mdomoni bila shida. Wateja wangenyamaza, kapteni angestaafu na sherehe yake, na Amira angebaki na kazi. Alimtazama binti yake akitamani akubali.

"Hatukukubaliana, mwalimu," Amira alisema.

"Mwanangu, hebu..."

"Naomba niseme, halafu mtanihukumu. Kuna kimo ambacho mkikifikia hamjauona uwanja kwa macho yenu, mnapanda. Hapajadiliwi. Siku ile tulikifikia, mbele hakuna kitu, weupe mtupu. Nikasema, tupande. Kimya. Nikasema tena kwa sauti, kapteni, tupande. Kimya, na bado tunashuka. Ndipo nikashika usukani, nikasema, naongoza mimi. Nikapanda."

"Ukamnyang'anya mtu mzima usukani!" Monika alishika kifua. "Mtu anayelingana na baba yako!"

"Ndivyo tulivyofundishwa, shangazi. Mbele tunawekwa wawili ili mmoja akikosea, mwingine aseme. Asiposema, si bora wangemweka mmoja wakaokoa mshahara?"

Mzee Leonard hakupenda utani huo. Aliinua kidole juu, vile vile alivyokuwa akikiinua mbele ya ubao. "Asiyesikia la mkuu..." alianza, kisha akangoja darasa limalizie.

"Huvunjika guu!" akaitikia Sadallah, mwanafunzi mtiifu mpaka leo na mvi zake.

Hapo ndipo Hadija alipoacha kumimina chai. Miaka yote alikuwa akiogopa bati, mabawa na mawingu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mle ndani kuna kitu cha kutisha kuliko hivyo vyote, nacho ni adabu. Adabu hii hii aliyomfunza Amira yeye mwenyewe, kwa kofi ilipobidi, kwamba mkubwa akisema unanyamaza, na mkubwa akinyamaza wewe unanyamaza zaidi. Mtoto angeyafuata malezi ya mama yake kwa sekunde chache tu siku ile, leo hapa pangekuwa na matanga, na si pilau. Ikamjia Hadija hasira, na akaikaribisha.

"Guu la nani, Mzee Leonard?"

"Unasemaje, Mama Amira?"

"Nauliza, linavunjika guu la nani? La asiyesikia peke yake? Maana mle mlikuwa na miguu ya ndege nzima." Aliiweka birika chini. "Hebu tufanye ni wewe umepanda, na mjukuu wako umempakata. Kapteni amekosea. Huyu mtoto aliyekaa pembeni yake ameliona kosa. Unataka aseme, au unataka amstahi mkubwa wake?"

Mzee Leonard alimtazama Monika, akaitazama chai. Ni mtu aliyesimamia mitihani maisha yake yote, na hili alikiri mwenyewe baadaye, kwamba hakuwahi kukalia kiti cha mtahiniwa kigumu kama kile.

"Aseme," alijibu mwishowe, kwa sauti ya chini. Kisha akajikusanya. "Lakini hayo ni ya kule angani. Hapa tuko chini, Mama Amira, na mbuzi ameshapokelewa."

"Amepokelewa na Baba Amira. Baba Amira hakuwemo kwenye ndege."

"Hadija!" Sadallah alikuwa amesimama. Kumwita mkewe kwa jina mbele ya wageni ilikuwa dalili kwamba amefika mwisho. "Unanivunjia heshima nyumbani kwangu."

"Nakuheshimu, mume wangu. Ndiyo maana huyo mbuzi nitamrudisha mimi, aibu iwe yangu." Akamgeukia Monika. "Mwenyewe yuko wapi?"

Monika alinyoosha kidole getini. "Yumo garini, hapo nje. Si unajua, mwenye jambo haingii wazee wakimsemea."

"Mama, acha," Amira alisema. "Nitasema yangu hukohuko Dar. Wasiponiamini, basi."

"Wewe kaa. Wewe umeshasema, tena zaidi ya mara moja. Hii ni zamu yangu."

Alitoka uani, akafungua kamba kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Mbuzi alikuwa ameanza kuzoea mahali, akagoma, ikabidi avutwe kwa nguvu mpaka getini huku analalamika kwa sauti ya kuamsha mtaa. Mtaa ukaamka kweli. Majirani walitokeza mmoja mmoja, wenye ufagio na ufagio, wenye simu na simu. Hadija aliwaona wote na hakuinamisha kichwa. Wamemtazama mtoto wake kwenye video mpaka wakachoka, wamtazame na mama.

Kapteni Kornel alikuwa amekaa nyuma ya usukani, kioo kimeshushwa. Bila sare yake alionekana mzee kuliko Hadija alivyomzoea.

"Shikamoo, Baba Peter," Hadija alimwamkia kwa jina la mwanawe.

"Marahaba, Mama Amira." Alikuwa anamtazama mbuzi, si yeye.

Hadija aliifunga kamba kwenye kitasa cha mlango wa nyuma wa gari, akavuta fundo mpaka likakaza. Kisha akarudi dirishani, akainama ili macho yao yakutane.

"Mimi si mchunguzi. Mimi ni mama wa mtoto. Kila alipokuwa anaruka nilikuwa natetemeka, na dawa yangu ilikuwa jina lako. Nilikuwa najiambia, yuko na Kornel, mtu wa kwetu, hatapatwa na neno. Sasa nakuuliza hapa hapa kwetu, chini, hakuna mawingu. Alikuambia mpande?"

Kornel alitazama mbele, kwenye kioo cha gari. "Aliniambia."

"Labda hukumsikia." Hadija mwenyewe alishangaa kumfungulia mlango huo, lakini alikuwa anataka kwa moyo wote apite hapo. Kelele za injini, mvua, vile vitu wanavyovaa masikioni. Alikuwa tayari kumwamini. "Mambo mengi, kelele, huenda hukumsikia."

Kapteni alijifuta uso kwa kiganja. Kosa lake lilikuwa limemkaa siku zote hizo, na huenda hakuna aliyekuwa amemuuliza kwa upole namna hiyo.

"Nilimsikia, Mama Amira. Tangu mara ya kwanza." Alishika usukani kwa mikono miwili. "Nilikuwa nasubiri anyamaze."

Hadija alishika paa la gari. Kwa muda hakuona majirani wala mbuzi. Aliona weupe mtupu, ule aliousimulia mtoto wake, na ndani yake watu wawili, mmoja anasema na mwingine anangoja kuheshimiwa. Kisha akasimama wima.

"Hakunyamaza," alisema, na sauti yake ikafika mpaka kwa wenye simu. "Na keshokutwa hatanyamaza. Hayo uliyoniambia mimi, kama wewe bado ni mtu wa kwetu, nenda ukawaambie wao kwa maneno hayo hayo. Usipoyasema wewe, nitayasema mimi, kwa sababu nimeyasikia kwa masikio yangu."

Hadija hakungoja jibu. Alirudi ndani, akampita mumewe na wazee na chai yao iliyopoa, akamwambia Amira afunge begi kubwa, kwa maana Dar wanakwenda wote wawili, mama na mtoto.