Vioo Sita Juani

Mwaka ule karafuu zilizaa hata watu wa Wingwi, kijiji cha kisiwani, wakakosa majamvi ya kuanikia. Ndipo Moza aliporudi nyumbani na kisanduku cheusi, akawaonya wote kisifunguliwe. Ndani yake mlikuwa na vipande kumi na viwili vya kioo, kila kimoja kimepakwa utando mwembamba wa rangi ya kahawa. Miaka miwili ya maisha yake ilikuwa humo.

Bi Mwanawema, mama yake, aliuliza ni kitu gani. Moza akajibu kwa mkato kwamba ni mambo ya chuo. Angeweza kumweleza. Angesema kwamba utando ule umejengwa kwa chembe za fuwele, ndogo hata upana wa unywele mmoja ungetosha kuzipanga kwa maelfu. Kwamba mwanga ukizipiga, chaji za umeme huamka na kuruka kutoka chembe hadi chembe. Na kwamba nyuso za chembe hizo zina vishimo, na chaji ikitumbukia humo ndiyo basi, haiendi tena. Alikuwa akitafuta namna ya kuvifukia. Lakini alimtazama mama na kanga yake iliyokolea utomvu wa vikonyo vya karafuu, akaona atatwanga maji kinuni. Kosa lilianza hapo, na wala si la mama.

Alitaka kujua kama vioo vingestahimili unyevu wa kisiwani vikikaa gizani. Dakta Egidius, mwalimu wake wa Dar es Salaam, alikwisha kumwambia kwamba muhula ukiisha bila matokeo, utafiti wake utafungwa.

Siku ya kumi Moza alikwenda Gando harusini, akakaa siku nne. Aliporudi alikuta vioo sita vimelala kwenye jamvi, katikati ya karafuu, vinametameta juani. Mama alikuwa amechutama anavigeuza kimoja kimoja kwa ncha za vidole, kama mtu anayegeuza mtoto aliyelala.

"Kisanduku kililowa, n'kakifungua; vilikuwa vyatoa jasho, mwanangu," mama akasema, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyeokoa kitu. "Vingeshika ukungu. Hivi n'kavianika, vile vyengine n'tavianika kesho."

Ulimi hauna mfupa. Mbele ya wanawake wanne waliokuwa wakichambua karafuu, Moza alimwambia mama yake, "Weye hujui kitu, mama. Ushaniharibia maisha yangu."

Bi Mwanawema alivianua vioo, akavifuta vumbi kwa pindo la kanga, akavirudisha kisandukuni. Asubuhi Moza aliondoka bila kuomba radhi, ingawa mama alikuwa amemfungia mkate wa kumimina na kuuweka juu ya begi lake.

Huko chuoni alianza kupima vile sita vilivyokaa gizani. Akawasha taa, akatazama mita: umeme ulipita kidogo mno, ukazidi kufifia. Vya juani alitaka kuvitupa. Dakta Egidius akamkataza, akasema kilichoharibika nacho hupimwa. Moza akakiweka cha kwanza chini ya taa kwa kumridhisha mzee wa watu, na mita ikaruka mara themanini ya vile vya gizani. Akakiweka cha pili, kisha cha tatu. Vyote vilikuwa vivyo hivyo. Jua, pamoja na unyevu kidogo wa kisiwani, vilikuwa vimefukia vile vishimo, na chaji zilipita bila kuanguka.

Dakta Egidius alifurahi mpaka akavua miwani. Kisha akauliza: vilianikwa saa ngapi, vikageuzwa kila baada ya muda gani, vikaanuliwa wakati gani? Jambo lisiloweza kurudiwa, alisema, si matokeo. Moza alikuwa Gando siku zile. Alijaribu juu ya paa la chuo wiki tatu, vioo kumi na vinane, na vyote vikaungua au vikapata ukungu. Jua lilikuwa lile lile. Kilichokosekana ni ule mkono uliojua kitu kimekauka kiasi gani.

Alipiga simu. Mama alimwitikia vizuri, akauliza afya yake, akasema alikwisha kumsamehe siku ile ile. Ndipo Moza akamwuliza alivianikaje vioo.

"Miye sijui kitu, mwanangu," akasema, bila kejeli yoyote. "Ulishanambia."

Moza akapanda boti na vioo vipya sita. Siku ya pili alitandika jamvi uani, akavipanga, akamwomba mama mbele ya wanawake wale wale amfundishe. Alimwita mama "mwalimu wangu", akalia. Bi Mwanawema alimfuta machozi, akaketi kando yake, akavitazama vioo. Lakini mikono aliificha ndani ya kanga.

"Vyako ni vya kitaalamu," akasema. "Miye n'najua karafuu tu. N'kivigusa, n'takuja kukuharibia tena."

Wakakaa. Jua likapanda. Wakati fulani kabla ya adhuhuri, mkono wa mama ulitoka ndani ya kanga, ukanyooka mpaka karibu na kioo cha tatu, vidole vimekwisha kukunjika tayari kukigeuza. Kisha akakumbuka, akaurudisha.

Moza akaandika saa kwenye daftari, akakigeuza mwenyewe. Hakujua kama alikuwa amewahi au amechelewa.