Jina Kamili la Shahidi

Saa nne kamili asubuhi Zulekha aliacha meza yake ya kutengenezea mizani, akapanda ngazi za ghorofa nne hadi juu ya paa la jengo lao la Mtaa wa Narung'ombe, akachuchumaa mbele ya makopo kumi na mawili ya mtindi na kupima kwa dira upande madungusi yalikoinamia. Digrii 340. Akaandika kwenye daftari, akashuka kwenda kumalizia mzani wa muuza dagaa. Ndivyo alivyofanya kila siku tangu siku ya tisa baada ya mdogo wake Hafidhi kuchukuliwa.

Madungusi hayo Hafidhi aliyaotesha mwenyewe kwa mbegu. Alichekecha mchanga wa mtoni, akaukaanga kwenye sufuria ili kuua ukungu, akauchanganya na udongo wa majani makavu, akanyunyiza juu yake mbegu ndogo kama ugoro na kuzifunika kwa vyombo vya plastiki vinavyopitisha mwanga. Siku ya kumi zikatokea nukta za kijani. Baada ya mwaka nukta zilizopona zilikuwa na ukubwa wa dengu na miiba laini kama manyoya ya kifaranga. Nyingine zilioza wakati wa masika. Zilibaki kumi na mbili, na hakuna aliyejua tena ni za aina gani, kwa sababu Hafidhi alikuwa ameandika majina kwenye vipande vya plastiki kwa makapeni. Zulekha alikuwa amemwambia atumie penseli, kwamba wino hauwezi jua la Dar. Hafidhi alicheka akasema dada yake angekuwa na uwezo angewapigia hata watoto wachanga muhuri wa vipimo. Miezi sita baadaye vile vipande vilikuwa vyeupe.

Hafidhi alikuwa na duka la taa na nyaya kwenye jengo la maduka mtaa wa tatu kutoka pale. Kwenye mkutano wa wapangaji aliuliza kwa nini mlango wa dharura umegeuzwa kuwa duka la mabegi. Hakujibiwa, akauliza tena. Siku mbili baadaye, saa tisa alasiri, wanaume watatu walishuka kwenye gari jeupe lisilo na namba, wakamwita kwa majina yake matatu, naye akaingia. Jirani wa duka alisema walikuwa watu wastaarabu. Walimsubiri afunge duka kwanza.

Siku ya tisa madungusi yaliinama. Zulekha alidhani yanafuata jua, kama mimea yote. Lakini jua lilikuwa upande mwingine. Akayazungusha makopo, kesho yake yalikuwa yamerudi. Akayahamishia kwenye ngazi, penye giza, yakainama kulekule.

Paskalina, jirani aliyekuja mjini kutoka Masasi na aliyeanika nguo zake juu ya paa hilo, aliyatazama huku kibanio cha nguo kikiwa mdomoni. Akakitoa.

"Yanamtafuta mwenyewe aliyeyapanda," alisema. "Sasa wewe shoga unapima nini? Kama yanajua alipo, yafuate."

"Mstari mmoja hautoshi," Zulekha alisema. "Unaweza kuishia popote hadi Bagamoyo. Inatakiwa mistari miwili."

"Haya. Siku ya kiyama utamwambia malaika asubiri, mizani yake haijakaguliwa."

Zulekha alichukua kopo moja akalipeleka Feri kwa binamu yake Sadalla, mkaanga samaki. Sadalla aliliweka mbali na moto wa karai, akasema kweli, limegeuka, na akataka kujua kama litaweza pia kumwonyesha alipo mteja mmoja anayemkwepa. Kule dungusi lilionyesha digrii 289. Zulekha alichora mistari miwili kwenye ramani ya jiji. Ilikutana bondeni upande wa Msimbazi, juu ya ghala la ghorofa mbili lenye geti la bluu.

Alikwenda mwenyewe, na kopo mkononi. Mbele ya geti dungusi lilijilaza kabisa hadi miiba ikagusa bati. Mlinzi alilitazama dungusi, akalitazama geti, akasema ndiyo, anaona. Ila haruhusiwi kumwingiza mtu bila barua kutoka Dawati la Watu Wasioonekana. Alimpa Zulekha kiti apumzike, kisha akamwomba radhi kwa kumchukulia tena kile kiti, kwa kuwa kilikuwa kimoja.

Dawati hilo lilikuwa chumba kimoja maeneo ya Posta, na mhusika wake aliitwa Marcelino. Alimwamkia Zulekha shikamoo, akasubiri marahaba, ndipo akamkaribisha. Mtu aliyekuwa mbele kwenye foleni alileta kiatu kilichorudi nyumbani chenyewe bila mwenyewe. Marcelino alikuwa amekiandikia risiti. Alisikiliza maelezo ya Zulekha hadi mwisho, akaipitia ramani kwa kidole, akasema mahesabu yako sawa. Kisha akageuza fomu ili wasome wote wawili.

"Mama, mimi sibishi. Limeinama, limeinama. Lakini hapa pameandikwa jina kamili la shahidi."

"Ni dungusi."

"Dungusi ni kama kusema mtu. Mtu gani? Nikipeleka hivi itarudishwa kesho."

Zulekha mwenyewe asingepokea mzani usio na namba. Alirudi nyumbani akaanza kutafuta jina. Vitabu vilisema jambo moja: madungusi machanga ya jamii ile hufanana sana, na asiyetaka kukosea asubiri ua.

Alisubiri miaka miwili. Aliyatunza kama mtu anayelinda moto wa mwisho mtaani. Masika aliyafunika kwa nailoni. Kiangazi aliyamwagilia mara moja kwa wiki kwa kijiko cha chai. Alihesabu miiba kwa sindano na miwani mbili. Mawili yalioza mizizi, akalala na homa siku tatu. Shina la kila moja lilirefuka likawa kama kidole cha shahada, likazaa vidole vingine pembeni, vyote vikielekea bondeni.

Katika kupima aligundua kitu. Saa nne asubuhi vidole vilisogea digrii moja kushoto, na saa nne na robo vikarudi. Kwa umbali ule digrii moja ni kama hatua ishirini na tano. Kuna mtu alikuwa anatolewa mahali, anatembezwa hatua ishirini na tano, anarudishwa. Ijumaa vidole havikusogea. Kuanzia hapo Zulekha alikuwa juu ya paa kila siku saa nne kasoro dakika tano, na kwa dakika ishirini hakuongea na mtu. Wafanyabiashara walijua wasilete mizani wakati huo. Paskalina alianika nguo kwa kunyata. Mwaka wa pili digrii moja ilipungua ikawa nusu, na ile robo saa ikawa dakika tisa. Zulekha aliandika yote hayo. Alikonda, nguo zake akazipunguza mwenyewe, kwa tepu.

Ua lilichanua Jumatano, mwezi wa kwanza. Lilikuwa dogo, la manjano iliyopauka, ubavuni mwa kidole kirefu zaidi. Zulekha alihesabu miiba ya pembeni, kumi na minane, na wa katikati haukuwepo. Alilinganisha na vitabu vitatu. Saa sita alikuwa Posta.

"Mammillaria elongata," alisema.

Marcelino aliandika polepole, akauliza herufi m ziko ngapi, akaambiwa tatu. Akapiga muhuri. Akampongeza kwa dhati, akisema wengi hukata tamaa kwenye kipengele hicho. Barua ingetoka siku hiyohiyo kwenda kwa mwenye ghala, kumjulisha kwamba baada ya siku saba wakaguzi watafika.

"Siku saba za nini?" Zulekha aliuliza. "Unamwambia kwamba mnakuja?"

"Ni hodi, mama. Hatuwezi kuingia kwa mtu bila hodi. Hata wewe usingependa."

Zulekha aliinua mkono kama anayetaka kuirudisha fomu. Marcelino alikuwa ameshaiweka kwenye trei, na trei ilikuwa imeshachukuliwa.

Siku tano, ukiacha Ijumaa, vidole viliendelea na nusu digrii yao. Siku ya sita, saa nne na dakika tatu, vilianza kusimama. Havikutikisika. Vilinyanyuka taratibu kama mkono wa saa, makopo yote kumi kwa pamoja, na adhuhuri vilikuwa wima. Paskalina aliyaona hayo akiwa ameshika shuka. Aliliweka chini, akaketi kwenye saruji, akajifunika uso kwa kanga.

Zulekha alipima. Mwinamo: sifuri. Akarudia kila kopo. Kisha akafikiri. Kitu kinachonyooka wima kinaonyesha juu kabisa, au kinaonyesha chini kabisa, au hakionyeshi kitu. Juu palikuwa na anga. Alishuka ghorofa zote nne hadi duka la zipu lililokuwa chini ya jengo, akamwomba mwenye duka afungue stoo. Mwenye duka alifungua. Walisogeza maboksi yote hadi ukutani, wakagonga sakafu kwa nyundo kila mahali, wakasikiliza. Sakafu ilikuwa nzima. Zulekha aliomba wagonge tena, wakagonga tena.

Siku ya saba wakaguzi walibisha hodi wakakaribishwa. Walikuta ghala tupu, sakafu mbichi kwa maji, na ukuta mmoja uliopakwa rangi asubuhi hiyo. Waliandika yote hayo kwa ukamilifu.

Kesho yake Zulekha alipeleka kopo Dawatini. Marcelino alilizungusha mezani, upande kwa upande.

"Mmea wa aina hii, kwa kawaida unasimamaje?"

"Wima," Zulekha alisema. Lilikuwa jibu sahihi na hakuwa na jingine.

"Basi shahidi hana dai tena."

"Andika kwamba siku mbili kabla ya ukaguzi alikuwa bado anainama."

"Nimeandika, mama. Iko ukurasa wa tatu."

Akafunga jalada, akamsindikiza hadi mlangoni.

Madungusi yalistawi mwaka ule kuliko yote. Yalitoa matunda ya waridi madogo kama punje za mahindi, na ndani yake mbegu za kutosha. Watu wa kwanza kuja kuziomba walitoka Msimbazi, familia ya kijana mwingine aliyeitwa kwa majina yake matatu. Zulekha aliwafundisha kukaanga mchanga, na Paskalina akawashauri wazilaze mbegu siku moja ndani ya shati la kijana ambalo halijafuliwa. Zilipoota na kufikia ukubwa wa punje ya mchele zikainama kuelekea kusini. Sasa kuna makopo kwenye madirisha ya mitaa minane, kila moja na upande wake, na jioni watu hutoka na dira kama wanaoangalia kama nguo zimekauka.

Dawati nalo limerahisisha kazi. Fomu mpya zinakuja na jina la shahidi limeshachapwa, lote, na m zake tatu, ili familia zisisubiri ua. Siku saba za hodi zimebaki palepale.

Saa nne Zulekha hupanda juu. Huchuchumaa, hupima, huandika sifuri. Hungoja hadi saa nne na robo, akapima tena.