Kisicho na Mama

Saa kumi na dakika hamsini jioni Mama Kidoti alikuwa ameshafika nyumbani, ameshanawa mikono mara mbili kutoa mafuta ya cherehani, na alikuwa anamenya papai juu ya gazeti la juzi. Alitoa mbegu kwa kijiko, akakata vipande vyembamba, akavipanga kwenye sahani. Saa kumi na moja kamili mlango ukafunguka. Kidoti akaingia, akavua viatu, akaviweka sambamba chini ya kiti kama alivyofundishwa. Alikuwa na miaka saba, na alikuwa amekufa tangu mwezi wa pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kanawe kwanza."

Aliuawa na homa, siku ya Jumanne. Saa tatu asubuhi mwalimu wake alipiga simu kwenye kiwanda cha sare ambako mama yake alishona vifungo. Mama alimwendea msimamizi kuomba ruhusa. Msimamizi hakuwa mtu wa kufoka. Alimtazama kwa huruma, akasema, "Mama Kidoti, mashati mia sita yanaondoka leo. Homa za watoto huja zikapita. Subiri kengele ya saa kumi." Na mlinzi hakufungua lango bila karatasi yenye saini. Mama alirudi kwenye kiti chake, akashona vifungo. Mtoto alikata roho saa nane na nusu, zahanati, mapajani mwa mwalimu. Kiwanda kilitoa siku tatu za msiba na shada la maua.

Siku ya kumi na mbili Kidoti alirudi, na njaa yake. Mama alimwekea maziwa, yai, wali na nyama. Kidoti alikisogeza kikombe pembeni.

"Haya yalikuwa ya mtoto wa mtu," alisema. Akaliangalia yai, akaiangalia nyama. "Na hivi vilikuwa na mama."

"Basi kula wali."

"Wali una homa. Umepita motoni."

Kwenye kapu palikuwa na pera moja. Akalichukua, akalinusa, akalila lote na mbegu zake. "Hili mti wenyewe uliliachia," alisema.

Harufu ya chakula cha moto haikumfaa hata ikitoka kwenye pumzi ya mtu mwingine. Ilipomfikia alianza kufifia kuanzia nyayo. Kwa hiyo Mama Kidoti alimpa jirani jiko na masufuria yote, akawa mtu wa matunda: papai asubuhi, ndizi sita mchana, parachichi na machungwa jioni. Wiki ya kwanza kichwa kilimgonga, na choo alikijua kuliko kitanda. Wiki ya tatu mwili ukawa mwepesi. Aliruka kamba mara mia bila kuhema. Alicheza kujificha, akambeba Kidoti mgongoni kuizunguka nyumba, akakimbizana naye uani mpaka majirani wakazoea. Zamani Kidoti alipoomba kucheza alikuwa akijibiwa "Jumapili, mwanangu," na Jumapili ilikuwa siku ya kufua.

Baba Kidoti, fundi wa kuchomelea mageti, yeye aliendelea kula mgahawani karibu na karakana, akipiga mswaki kabla ya kuingia ndani. Siku moja alisahau. Kidoti alikuwa amemkalia mapajani akimwonyesha jino lililolegea, ambalo lilikuwa limelegea vilevile tangu mwezi wa pili. Nyayo zikaondoka, kisha magoti, kisha sauti ikakatika katikati ya neno. Baba alibaki ameikumbatia hewa. Kesho yake asubuhi alikula maparachichi mawili akaenda kazini, na jioni Kidoti alirudi kama kawaida.

"Nitazoea," alimwambia mkewe. "Mbona ng'ombe anaishi kwa majani na ana nguvu?"

Kiwandani wenzake walimwita Mama Popo, naye alicheka pamoja nao. Alishona haraka kuliko zamani. Msimamizi aliliona hilo, akampongeza mbele ya watu, akauliza siri yake.

"Binti yangu hapendi vya moto," alisema Mama Kidoti.

Msimamizi alitikisa kichwa kwa kuelewa. Jumatatu iliyofuata palibandikwa tangazo ukutani, lenye picha ya nanasi, lililosema matunda huongeza kasi, na kila mfanyakazi akaanza kupewa ndizi moja asubuhi.

Mwezi wa sita mpiga pasi, mama mwembamba wa meza ya mwisho, aliitwa kwenye simu. Alirudi mbio. Mwanawe wa kike alikuwa anachemka na hajitambui. Alimwendea msimamizi, na Mama Kidoti akamsikia msimamizi akisema kwa upole, "Kengele saa kumi, mama."

Mama Kidoti aliliweka shati mezani. "Bosi, mwache aende. Mimi nitapiga pasi na za kwake."

"Kila mtu na meza yake, Mama Kidoti."

Alimshika mpiga pasi mkono, wakatoka pamoja mpaka langoni. Mlinzi aliwaomba karatasi. Hawakuwa nayo.

"Mama zangu, nikifungua hapa kesho nalala njaa na wanangu," alisema. Alikuwa mtu mwema. Aliwaletea viti viwili na maji ya kunywa, wakakaa wakilitazama lango. Mpiga pasi alilipiga kwa viganja hadi vikavimba. Saa kumi kengele ikalia, mlinzi akafungua.

Mpiga pasi alipewa siku tatu na shada la maua.

Wiki mbili baadaye, saa kumi na moja jioni, Kidoti aliingia akiwa amemshika mkono mtoto mdogo kuliko yeye, mwenye alama ya blanketi shavuni.

"Huyu hapendi papai," Kidoti alisema.

"Anapenda nini?"

"Anamtaka mama yake."

Mama Kidoti alimenya chungwa. Kesho yake alisimama kwenye meza ya pasi, akanong'ona, "Dada, jioni njoo kwangu. Usile kitu kilichopita motoni."

Mpiga pasi alikuja amesukutua mdomo mara tatu, akakaa sakafuni, miguu ameinyoosha. Mtoto alipoingia alimpandia mapajani bila salamu. Mpiga pasi aliweka kiganja kwenye paji la uso la mwanawe, akakiacha hapo muda mrefu.

"Imeshuka," alisema.

"Imeshuka," alijibu Mama Kidoti.

Mtoto alimtazama mama yake usoni. "Nilikuwa nakuita," alisema.

"Nilikuwa njiani, mwanangu."

Asubuhi saa moja kamili wote wawili walikuwa kiwandani. Walipokea ndizi zao, wakakaa kila mmoja kwenye meza yake, na lango likafungwa.