Blanketi la Volti Mia na Kumi

Karanga zilipokataa kuota Nachingwea, wazungu wa kambi ya mradi huo wa kilimo walianza kufunga mizigo, na mmoja wao akampa Saturnini, fundi wa nyaya, blanketi dogo la umeme. Saturnini akaona Mungu amemkumbuka. Mwanawe Eustakio alizaliwa kabla ya miezi yake, akabatizwa siku hiyohiyo, na tangu hapo mama yake, Teodosia, alikuwa amemlaza kifuani asije akapoa, kwenye zahanati ya misheni upande wa Ruangwa. Usingizi wa maana hakuujua tena.

Plagi ya blanketi ilikuwa na meno bapa. Ukuta wa zahanati ulikuwa na matundu ya mviringo. Kambini plagi ikigoma hukatwa, ikafungwa nyingine, kazi ikaendelea. Saturnini alikwisha kukata nyingi, na kusifiwa alisifiwa. Akaikata na hii.

Nani angemwambia? Huko kwa wazungu kila nchi iliwasha taa zake bila kumuuliza jirani, kisha wakatuletea vurugu yao yote kwa mpigo. Blanketi lilikuwa la Kimarekani, la volti mia na kumi. Injini ya misheni ilikuwa ya Kiingereza, na umeme wake ulizidi mara mbili ya huo. Yale meno bapa ndiyo yaliyokuwa yakimkataza.

Blanketi lilipata moto upesi. Sista Valentina, muuguzi, alitia mkono, akaridhika, akamlaza mtoto humo, akaenda kwa wagonjwa wengine.

“Lala sasa,” Saturnini alimwambia mkewe. “Umeme utamtunza.”

Teodosia akalala fofofo. Saturnini akaenda kwenye kibanda cha injini kuilinda isije ikazimika. Injini haikuzimika. Waya wa ndani ya blanketi ndio uliozidiwa ukakatika, bila moshi wala harufu. Sista aliporudi, blanketi lilikuwa la baridi, na mtoto vilevile.

Saturnini alipoitwa hakulia. Alichomoa plagi, akauzungusha waya vizuri kama afanyavyo kila akimaliza kazi. Sista aliposali, aliitikia panapopasa. Alijua ana huzuni kama mtu anavyojua ana mguu uliokufa ganzi: upo, ni wake, hausikii.

Teodosia akaamka. Alipapasa kifua chake kwanza, halafu akawatazama.

“Kwa nini uliniambia nilale, baba Eustakio?”

“Ulikuwa umechoka,” akasema.