Maji ya Kwetu

Ofisi ya Kibiti ilimpeleka Muzdalifa Dar es Salaam kwenye mkutano wa kompyuta. Jioni ya mapumziko wenzake walipanga kwenda ufukweni, kisha Kariakoo kutazama vitenge.

"Na wewe Mrufiji, utabaki kuikodolea mashine?" mmoja wao, Rukaiya, alimtania.

"Nina ziara yangu, shoga."

Akaenda makaburi ya Kisutu na chupa ya maji ya Mto Rufiji, aliyofungiwa na mama yake kwenye kanga. Baba yake alifia hospitali mjini mwaka ule wa mvua za El Nino, barabara imekatika, akazikwa wao wakiwa Kibiti. Baba mdogo aliyemzika naye keshatangulia. Aliwaachia maelezo tu: chini ya mwarobaini, safu ya ukutani.

Mwarobaini ulikwishakatwa. Safu nzima ilikuwa matuta ya udongo yasiyo na jina.

Akachuchumaa, akasoma Yasini, akamwagia kila tuta maji kidogo kidogo mpaka chupa ikaisha.

Aliporudi, mama alimpokea mlangoni. "Umemwona baba yako?"

"Sikumjua ni yupi, mama. Nimewamwagia wote."

Mama akaipokea chupa tupu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi na yeye kapata."