Tarehe Iliyorudishwa Nyuma

Ofisini walimwita Bi Ratiba, na alilipenda jina hilo kuliko alivyokubali kuonyesha. Ilikuwa ofisi ndogo ya usanifu, vyumba viwili na varanda, inayotengeneza nembo, mabango na picha za vitabu. Kabla hajaja, kazi za wateja ziliandikwa popote: mgongoni mwa risiti, kwenye kiganja, kichwani mwa Bosi ambamo, tuseme ukweli, hamkuwa mahali salama. Yeye ndiye aliyeleta programu ya kupanga kazi. Kila kazi ikapata kadi yake kwenye kompyuta, yenye jina la mhusika na tarehe ya mwisho, na kadi ikawa inahama safu kwa safu: Inasubiri, Inafanywa, Iko kwa Mteja, Imekwisha. Ikichelewa, inageuka nyekundu. Kila Jumatatu asubuhi Bosi aliwasha skrini kubwa ya ukutani na wote wakatazama rangi.

Wote isipokuwa Shangazi. Huyu alikuwa shangazi wa damu wa Bi Ratiba, dada wa baba yake, mchoraji wa mkono, na ndiye aliyemwombea kazi pale. Programu hakutaka hata kuisikia. "Mwanangu, mimi niambie tu kinatakiwa nini na lini," alisema. "Hayo mavisanduku yako yananitia kizunguzungu." Basi wakapatana: Bi Ratiba asome kadi, amwambie kwa mdomo, azisogeze kwa niaba yake. Mpango ukaenda miaka miwili bila kelele.

Kisha ikaja kazi ya kitabu cha sayansi cha shule, picha sitini, na mchapishaji akakubali jina la Shangazi liwekwe kwenye jalada. Jamani! Mwanamke amechora miaka ishirini na saba vitu visivyo na jina lake. Alimpigia simu kila ndugu mwenye simu, na wale ambao simu zao hazikupatikana aliwafuata nyumbani.

Siku moja mchapishaji akaandika maoni kwenye kadi ya ukurasa wa arobaini na moja, picha ya moyo wa binadamu: mishipa miwili ibadilishwe rangi, picha irudi ndani ya siku tatu. Arifa ilimkuta Bi Ratiba saluni, kichwa kiko mikononi mwa msusi. Akaifungua, akasoma, akasema nitamwambia kesho. Ile programu, arifa ikishafunguliwa, haikukumbushi tena. Kesho yake akawa na mambo yake, na kesho kutwa vilevile.

Siku ya kumi na moja mchapishaji alimpigia Bosi simu, amewaka. Zamu yao kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu imewapita kwa sababu ya ukurasa mmoja. "Jumatatu nataka kujua nani amelala," Bosi akasema.

Sasa sikia alichofanya. Jumatatu alifika kabla hata ya mfagizi. Kadi ya moyo ilikuwa na jina lake, maana maoni yote ya wateja humfikia yeye kwanza. Akalifuta, akaweka la Shangazi. Tarehe ya kukabidhiwa kazi akairudisha nyuma hadi siku maoni yalipoandikwa. Kadi ikawaka nyekundu chini ya jina la Shangazi, na kazi yote haikumaliza dakika moja. Programu huweka historia ya kila badiliko, lakini nani hufungua historia? Watu hutazama rangi. Alijipa moyo kwamba Shangazi ni mkongwe, atagombezwa kidogo, yataisha. Ovyo kabisa!

"Mama, hii ulikabidhiwa tangu wiki ile," Bosi alisema kikaoni, akionyesha skrini.

Shangazi akavaa miwani, akatazama, kisha akamgeukia binti wa kaka yake. "Uliniambia, mwanangu?"

Angeweza kusema hapo. Neno moja tu lingetosha. "Nilikuambia, Shangazi," akajibu. "Ulikuwa unachonga penseli." Kwa nini aliongeza penseli, hajui mpaka leo.

Shangazi akavua miwani. "Basi nimesahau," akasema taratibu. "Nisameheni, jamani." Akainamisha kichwa mbele ya watu aliowazidi umri wote. Bosi, huku akitazama meza, akasema kurasa zilizobaki atapewa mchoraji wa nje, na jalada litabeba jina la huyo. Shangazi akapewa lebo za sabuni. Bi Ratiba alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini alikaa pale pale kwenye kiti chake, akaendelea kusogeza kadi.

Afadhali Shangazi angenuna, angemtukana. Hakununa. Alianza kuandika vikaratasi. Ukifika kwake ulivikuta vimebandikwa kila mahali: Jiko nimezima. Mlango nimefunga. Dawa nimekunywa. Akawa anauliza, "Hili nimeshakuambia?" hata jambo akilisema mara ya kwanza. Bi Ratiba alijua kwa nini. Bibi, mama yake Shangazi, alisahau majina ya wanawe mmoja mmoja hadi akafa, na Shangazi ndiye aliyekuwa akimwogesha.

Alhamisi ya wiki ya pili Shangazi akamshika mkono kwenye varanda. "Nisindikize kwa daktari. Wanangu sitaki wajue. Wewe ndiye wa siri yangu."

Daktari alikuwa mpole. Alimuuliza Shangazi tarehe, akamwambia ahesabu kutoka mia moja kurudi nyuma kwa saba saba, na Shangazi akateremka hadi mwisho wakati Bi Ratiba bado anatafuta vidole. "Sasa, mama, wasiwasi wako umeanzia wapi?"

Shangazi akasimulia habari ya picha ya moyo. "Kinachonitisha, daktari, si kusahau. Kila mtu anasahau. Lakini ningekumbushwa ningekumbuka hata kidogo, sivyo? Naitafuta siku ile kila nikilala. Najiona nachonga penseli, ndiyo. Huyu hayumo. Simwoni kabisa akiniambia."

"Hakusahau," Bi Ratiba akasema.

Wote wawili wakamgeukia. Akayatapika yote: saluni, asubuhi ya Jumatatu, jina, tarehe, penseli. Machozi yalimtoka na hakuthubutu kuyafuta.

"Kwa hiyo mimi mzima?" Shangazi akamuuliza daktari.

"Mzima, mama."

Shangazi akafunika uso kwa viganja, akacheka, akamshukuru Mungu kwa sauti. Kicheko kilipokwisha akamgeukia binti wa kaka yake. "Wiki mbili," akasema, "silali, nawaza siku nitakayokutazama nisikujue. Hao wengine hata sikuwawaza. Nilikuwaza wewe." Akachukua mkoba wake. "Simama. Twende ofisini ukaseme hivyo hivyo."

Bi Ratiba akasema, mbele ya wote, skrini imewashwa. Bosi akanyakua simu kwa hasira. Hapo hapo akampigia mchapishaji, akaeleza, akaomba radhi. Kurasa zikarudi kwa Shangazi, na jina la jalada likarudi. Kisha akauliza, "Mama, huyu tumfanye nini?"

Bi Ratiba aliomba kimoyomoyo afukuzwe. Ingekuwa nafuu.

"Abaki. Kazi yake anaijua," Shangazi akasema, bila kumtazama. "Ila maneno ya wateja wangu, kuanzia leo, aniletee mtu mwingine."

Mpangaji wa kurasa, aliyekaa karibu na dirisha, akasema ataleta yeye. Basi Bi Ratiba akakaa kwenye kompyuta, na mbele ya wote akafuta jina lake kwenye kadi za Shangazi na kuweka la mpangaji, moja baada ya nyingine, zote kumi na tisa.